Kwa Nini Mbiu Amelala Kambini

Wajukuu zangu, kulikuwa na wakati ambapo walinzi wa damu walikumbatiana bila hofu. Mgeni ambaye leo tunamwita virusi vya UKIMWI alikuwa hajafika bado. Damu ya mwanadamu ilikuwa nchi ya mito mingi, na kando ya mito hiyo zilijengwa kambi ndogo ndogo, shingoni, kwapani na kinenani. Kambi hizo ndizo tezi. Hata leo ukiugua koo, zipapase chini ya taya. Utazikuta zimevimba, kwa sababu walinzi wamekusanyika ndani.

Walinzi hawakuwa na kazi moja. Wako waliozunguka mipakani, kwenye ngozi na kwenye nyama laini za mwili, wakimkamata kila aliyeingia bila ruhusa. Wako waliobeba mikuki. Na wako wapiga baragumu. Hawa hawakumchoma adui hata mmoja, lakini wenye mikuki hawakuinuka mpaka wasikie baragumu.

Walinzi wote walizaliwa bila macho, na ndiyo sababu walikuwa na desturi yao. Mzungukaji akimkamata adui, alimbeba mpaka kambini na kumkumbatia mpiga baragumu, kifua kwa kifua, bila haraka, ili mwenzake amtambue adui kwa kumgusa. Kisha wapiga baragumu walikumbatiana wao kwa wao kupashana habari. Hivyo ndivyo nchi nzima ilivyojua nani ameingia.

Siku moja mzungukaji aitwaye Doria aliingia kambini amebeba kitu kidogo sana. Mpiga baragumu mkubwa wa kambi, Mzee Sikiza, alimsikia akihema.

"Leo umetuletea nini, Doria? Juzi ulituletea vumbi."

"Vumbi hilo la juzi lilikufanya upige chafya mpaka ukaangusha baragumu, mzee wangu. Huyu simjui. Njoo umguse."

Wakacheka, wakakumbatiana kama ilivyokuwa kawaida.

Kosa lilikuwa hapo. Wazungukaji walizoea kuwaponda mateka wao njiani, ikabaki alama tu ya kugusa. Huyu alijikunyata kwenye mkunjo wa vazi la Doria na kufika akiwa hai. Hakuwa na mikono wala jiko, wala hakuweza kuzaa peke yake. Alijua jambo moja: komeo lililokuwa kwenye vifua vya wapiga baragumu. Alilifungua, akaingia kwa Sikiza, akajishona kwenye pindo la ndani la joho lake, uzi kwa uzi, hata asiweze kutofautishwa na joho lenyewe.

Baada ya hapo, kila Sikiza alipoinua baragumu kufanya kazi yake, mikono yake ilifanya na kazi ya mgeni. Watoto wa mgeni walizaliwa ndani yake, wakakusanyika upande ule wa kifua uliomgusa jirani. Waliotupwa mtoni walipotea wengi, na wengine walinaswa na walinzi wa majini. Lakini waliovuka kutoka kifua hadi kifua hawakunaswa, kwa kuwa baina ya wawili waliokumbatiana hapakuwa na nafasi ya mlinzi kupita.

Wapiga baragumu wakaanza kufa. Kifua kikuu, ambacho zamani kilizuiwa mpakani, kikaingia na kukaa. Fangasi wakatanda mdomoni. Wenye mikuki walikuwapo, wazima na wenye nguvu, wameketi wakingoja sauti iwaite.

Katika kambi ile alikuwapo binti wa Sikiza, jina lake Mbiu. Alimwendea baba yake, ambaye wakati huo alikuwa hawezi tena kusimama.

"Baba, tuache kukumbatiana."

"Na homa ya kesho utaijuaje, mwanangu? Kwa kunusa?"

"Tunauana, baba."

"Najua. Tukiacha pia tutakufa, ila tutakufa bila kumjua aliyetuua." Kisha akamwambia, "Sogea, nikupe habari ya mwisho."

Mbiu alijua habari hiyo itakuja na nini. Hata hivyo alikuwa mtoto, na mzazi wake alikuwa anakufa. Alisogea, akamkumbatia.

Baada ya mazishi alilihisi pindo la joho lake limekuwa zito. Akapuliza baragumu kidogo, mgeni akatikisika. Akaacha, mgeni akatulia. Mbiu akaelewa kwamba mgeni hakuwa na mikono mingine ila yake. Basi akaliweka baragumu chini, akajilaza katikati ya kambi mchana kweupe.

"Mbiu, vita vyote hivi na wewe unalala?" Doria akamuuliza. "Watu watakucheka."

"Waache wacheke. Nikiamka, anaamka."

Wengine wachache walimwiga. Lakini usingizi wao ulimficha mgeni kuliko ulivyomfunga, maana wenye mikuki walipowatafuta maadui, waliwaruka waliolala. Nao ambao hawakulala waliendelea kukumbatiana na kufa, mpaka nchi ikakaribia kuanguka.

Ndipo watu wa nje walipoleta dawa. Dawa haikumuua mgeni aliyekwisha kushonwa, wala haikufumua pindo la mtu. Ilikata uzi kabla hajajishona kwa mwingine. Walinzi wakakumbatiana tena, mabaragumu yakalia, na mito ikatakata hata mashine ya hospitali isimwone mgeni. Wenye nchi wengine, yaani wenye miili, wakasema amehama, wakaacha dawa. Haukupita muda, kambi zao zikanyamaza.

Tangu wakati huo hadi sasa, Mbiu na wenzake wamelala kwenye tezi za kila mwenye virusi hivi, hata yule anayelima na kucheza ngoma na kujiona mzima. Mara mmoja wao huzinduka, kwa mafua tu au bila sababu. Huinuka, bado ana usingizi, na jambo la kwanza analofanya ni kumkumbatia jirani yake, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa. Dawa ikiwamo, mgeni huvuka, hukosa uzi, na huishia hapo. Isipokuwamo, hushona.

Mwili haumwambii mwenyewe ni siku gani Mbiu ataamka. Ndiyo maana dawa hii humezwa kila siku.