Machano Apima Mistari ya Sultani

Hapo zamani, watu walipokuwa bado na subira ya kusoma sheria, palikuwa na Sultani Nasibu, mwenye kitabu kikubwa cha sheria kilichoandikwa na makarani wengi. Kila karani alikuwa na mtindo wake: huyu huacha ukingo mpana, yule mwembamba, na Machano, fukara asiye hata na mkeka, mistari yake hupanda na kushuka kama mbuzi mlimani. Msinicheke, mimi ninayewasimulia mwandiko wangu ndio huo huo, na upande wangu mmekwisha kuujua.

Basi siku moja Sultani akakifunua kitabu, akaona vurugu ile, akaghadhibika. Akavunja kijiti, akasema, "Ukingo wa kila mstari ulingane na kijiti hiki. Machano, utapima wewe, maana kwa mistari mibovu huna mwenzio. Anza na wa kwanza, usiruke hata mmoja. Usiolingana, mkono uliouandika ukatwe papo hapo."

Makarani wakalia. Machano akautazama mkono wake, akauonea huruma. Ulikuwa mkono mbaya, lakini wa kulia alikuwa nao huo tu.

"Nimesikia na kutii, Bwana wangu," akasema. "Ila nikifika kwenye mistari yangu, naomba maji ya kunywa kwanza."

Akafungua ukurasa wa kwanza, akaweka kijiti. Ukingo ukapungua upana wa kidole. Akapima tena, ikawa vile vile. Akaita, "Mwenye upanga, njoo!"

"Ni wa nani?" akauliza Sultani kwa shauku.

Kumbe desturi ya nchi ile, mstari wa kwanza wa kila kitabu huandikwa na mtawala mwenyewe, kwa baraka. Baraza zima lilikumbuka, ila yeye.

"Ni wako, Bwana wangu. Nami nimeamriwa nisiruke. Tafadhali nyoosha mkono, wenzio twangoja zamu."

Sultani akaurudisha mkono ndani ya joho, akaona haya, kisha akacheka mpaka kilemba kikamwanguka.

"Je, Machano, nikiusamehe wangu?"

"Kijiti ni kimoja, Bwana wangu. Kikikusamehe wewe, kimetusamehe sote."

Basi ikawa msamaha kwa wote, na Machano akapewa joho, na kazi ya kuwapigia makarani mistari kwa mkono wake ule ule kabla hawajaandika. Tangu hapo kitabu kikalingana toka jalada hadi jalada: kila mstari umepinda, na yote imepinda sawasawa.