Pimbi na Mwonjaji wa Pombe Nyeusi

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa mtungi.

Mtungi wa nani?

Wa Pimbi.

Umejaa?

Ulikuwa umejaa.

Basi kaeni vizuri, na anayeijua ngano hii kwa namna nyingine anyamaze kwanza. Wapo wanaosimulia kwamba aliyepika pombe alikuwa Sungura. Si Sungura. Sungura hana subira ya kupika pombe; angekunywa maji na kutafuna kimea kabla havijakutana. Aliyepika ni Pimbi, mnyama mdogo asiye na mkia, mkaaji wa majabalini, na mambo yalikuwa hivi.

Pimbi alikuwa na shamba la ulezi chini ya majabali yake. Udongo wa shamba lile ulikuwa mgumu, na mikono ya Pimbi ni midogo kama vijiko vya chumvi. Kulilima peke yake hakuweza. Kwa hiyo kila mwaka, kabla ya mvua, alifanya kama wote walivyofanya katika nchi ile: alipika pombe, akawaita majirani. Majirani hulima tangu asubuhi, na jua likiinama huketi kuuzunguka mtungi wakanywa. Ndiyo ahadi yenyewe. Penye pombe wanalima. Pasipo pombe kila mmoja ana shamba lake nyumbani.

Majirani wenyewe walikuwa Ngiri, mwenye maneno mengi. Nungunungu, mwenye miiba. Na Muhanga, mchimbaji wa mashimo, ambaye hakupenda kusema.

Tatizo lilikuwa maji. Maji ya kupikia yalipatikana katika bwawa moja tu, na bwawa hilo lilikuwa la Kiboko. Desturi ilisema mwenye maji huonja kwanza. Huonja. Neno lenyewe liko wazi. Anachovya kata, analamba, anasema imeiva au haijaiva, anakwenda zake. Ndivyo alivyofanya baba yake Kiboko, na babu yake kabla ya baba, na hakuna aliyekuwa na neno nao.

Mwaka ule Pimbi akaloweka ulezi, akauotesha, akauanika, akaukaanga kidogo kigaeni, akausaga, akapika. Pombe ikatoka nyeupe, tamu, inachemka yenyewe ndani ya mtungi. Wakulima wakaingia shambani. Naye Kiboko akatoka bwawani, tindi, tindi, tindi, anadondosha maji njia nzima.

"Hodi, binti yangu."

"Karibu, mzee. Kata hii hapa."

"Kata ya nini? Mdomo wangu hauenei kwenye kata. Naonja tu."

Akainama. Gubu, gubu, gubu. Akainua kichwa, akafikiri.

"Sikuisikia vizuri. Naonja tu."

Gubu, gubu, gubu.

"Hapo katikati pamenichanganya. Naonja tu."

Gubu, gubu, gubu, mpaka mtungi ukalia kwaa.

"Imeiva," akasema Kiboko. Akarudi zake. Chubwi.

Jua lilipoinama wakulima wakaja wakifuta jasho. Walikuwa wamelima ukanda mmoja mwembamba. Ngiri akachungulia mtungini.

"Dada Pimbi, mbona naona kitako cha mtungi?"

"Kiboko ameonja."

"Ameonja, au amehamia?"

"Nitapika tena, kaka. Msinitupe."

"Ukipika tutalima. Mtungi mtupu, jembe begani." Wakaweka majembe mabegani, wakaenda.

Pimbi akapika tena. Akaloweka, akaotesha, akaanika, akakaanga, akasaga. Akauficha mtungi nyuma ya jabali. Tindi, tindi, tindi. "Hodi, binti yangu. Mbona leo umeuweka mbali? Unanichosha miguu. Naonja tu." Gubu, gubu, gubu. Kwaa. Chubwi. Wakulima wakaja, wakachungulia, wakamtazama Pimbi. Mtungi mtupu, jembe begani.

Sasa mawingu yalianza kusimama upande wa mashariki. Ghalani ulibaki ulezi wa mbegu, na mwingine wa kupika ambao haukuwa mwingi. Mvua ikikuta shamba halijalimwa, mbegu hiyo ingeliwa njaa ikiingia, na mwaka ujao Pimbi angeomba kwa watu. Hilo alilijua alipokaa mbele ya kigae, kuni zikiwaka chini, mwiko mkononi.

Lakini mkono ulikuwa kigaeni na moyo ulikuwa bwawani. Alikuwa akimjibu Kiboko. Alimjibu yale yote ambayo mtu humjibu mkubwa akiwa hayupo. "Unaonja nini na ulimi mpana kama mkeka? Baba yako alionja kwa kata. Babu yako alionja kwa kata. Wewe mdomo wako uliumbwa lini?" Akapata jibu zuri kuliko yote, akalirudia mara ya pili ili alisikie vizuri, na alipolimaliza pua yake ikamwambia kwamba kigae kinafuka moshi.

Kimea kilikuwa cheusi kama masizi.

Pimbi akakitazama. Akatazama mawingu. Hakulia, alikuwa amechoka hata kulia. Akakisaga vilevile kilivyo, akakipika kwa hasira, na pombe ikatoka nyeusi kama kitako cha sufuria, na povu la rangi ya kahawia juu yake.

Tindi, tindi, tindi.

"Hodi, binti yangu. Naonja tu."

Gubu.

Kiboko akasimama. Macho yakamtoka. Ptuu.

"Umenipikia makaa?"

"Imeiva, mzee?"

"Imekufa," akasema Kiboko. "Tena imeshazikwa." Akaenda zake akisugua ulimi kwenye majani. Chubwi.

Na mtungi ulikuwa umejaa. Pimbi alicheka peke yake mpaka akajiegemeza kwenye jabali.

Jua lilipoinama wakulima wakaketi, kila mmoja na mrija wake. Ngiri akavuta, uso ukamkunjika.

"Dada, hii dawa ya minyoo tunapewa wote, au mgonjwa ni mimi tu?"

Nungunungu akavuta, miiba ikamsimama yote. Muhanga akavuta, akavuta tena.

"Ukisimama mlangoni utaumwa na mbwa," akasema Muhanga. "Ingieni ndani. Ndani kuna joto."

Kwa kuwa Muhanga hasemi, akisema husikilizwa. Ngiri akavuta tena, safari hii polepole, akaiacha mdomoni. Mwanzo uchungu. Kisha uchungu ukalegea, nyuma yake kikaja kitu anachokijua.

"Ukoko," akasema Ngiri. "Huu ni ukoko wa ugali wa mama. Tuliupigania mpaka tukapigwa."

Wakanywa, na kila walipokunywa uchungu ulizidi kuwa mwema. Wakaimba ukoko wa mama, ukoko wa mama, mpaka giza likaingia. Wakaahidi kurudi kumaliza shamba mtungi mwingine ukiiva, maana walikuwa wamefika nusu.

Basi Pimbi akaunguza kimea kwa makusudi, akakoroga, akapika. Moyo ukatulia.

Haukutulia sana. Kwani Kiboko, kule bwawani, alikuwa amesikia nyimbo. Hakuna anayeyaimbia makaa. Kesho yake akaja, pombe ikiwa bado inachemka, akaomba tone. Akalimeza amefumba macho. Keshokutwa akaja tena, akameza amefumba jicho moja. Akaja tena, na safari hiyo Pimbi akauona ulimi ukitoka na kupita polepole juu ya mdomo, kutoka kona hii hadi kona ile. Pimbi akajua amekwisha.

Mnyama gani huyu? Unampa pombe tamu anaimaliza. Unampa makaa anayazoea. Ungempikia mawe angeuliza kama yapo ya jana.

Siku ya kulima ikafika. Ngurumo zilikuwa karibu. Wakulima wakaingia shambani, na mtungi ulikuwa wa mwisho, kwa sababu ghalani sasa ilibaki mbegu tu. Tindi, tindi, tindi.

"Hodi, binti yangu. Pombe yako imenikaa. Leo naonja mpaka chini."

"Pole, mzee," akasema Pimbi.

"Pole ya nini?"

"Nilidhani umeshaielewa. Kumbe bado unakunywa."

Kiboko akasimama, mdomo wazi juu ya mtungi. "Na pombe hufanywa nini, kama si kunywewa?"

"Ile nyeupe, ndiyo, hunywewa. Ngiri huinywa. Lakini nyeusi ina watu wake. Mwenye ulimi huitia kidogo mdomoni, akaisikiliza. Anayebugia, sisi wapishi tunamjua: hajasikia kitu, anajaza tumbo." Pimbi akasogea pembeni, akampisha. "Lakini si neno, mzee. Bugia. Si kila mmoja amejaliwa ulimi."

"Nani amesema sina ulimi?"

"Hakuna aliyesema. Wakulima bado wako shambani."

Kiboko akatazama shambani. Ngiri alikuwa amesimama akipumzisha mgongo, anatazama huku. Kiboko akafunga mdomo.

"Nipe kata," akasema.

"Kata ni ya wanaojifunza, mzee."

Pimbi akaleta kombe la konokono. Akalijaza, akalishika kwa mikono miwili kana kwamba ni zito, akamimina yote juu ya ulimi wa Kiboko. Katika mdomo ule ilikuwa kama chozi lililoangukia ziwani. Kiboko akafumba macho.

"Nasikia," akasema. Alikuwa hasikii kitu. "Nasikia ukoko."

"Huo kila mtu anausikia. Chini ya ukoko?"

"Chini ya ukoko nasikia, nasikia kahawa."

"Vizuri. Chini ya kahawa?"

Kiboko akauzungusha ulimi mdomoni. Kivuli cha jabali kikasogea, kikamfika miguuni.

"Moshi," akasema. "Moshi wa jiko la bibi yangu."

"Bibi yako aliishi majini, mzee."

"Ndiyo maana ni moshi wa mbali."

Akaomba kombe jingine. Akalisikiliza mpaka jua likainama. Wakulima wakaja, wamelima hadi mpaka wa shamba, wakachomeka mirija. Kiboko akawatazama kwa huruma.

"Waone wanavyovuta," akamwambia Pimbi. "Hawana habari."

"Hatuna, mzee," akasema Ngiri, mrija mdomoni. "Tufundishe."

Kiboko akawafundisha. Akaanza na ukoko, akaenda kwenye kahawa, akamtaja bibi yake. Mtungi ukashuka, ukashuka, ukafika machicha, na yeye alikuwa bado hajamaliza habari za moshi. Usiku ule mvua ikanyesha, ikalikuta shamba limelimwa lote.

Ulezi ukaota, ukavunwa, na Pimbi hakuomba kwa mtu. Mwaka uliofuata Kiboko akaja na kombe lake mwenyewe, limeoshwa. Hakugusa mtungi tena. Alimeza tone, na kwa tone hilo akakaa mpaka jioni akimweleza Pimbi jinsi Pimbi anavyopika pombe. Alimweleza ulezi huoteshwaje. Alimweleza kigae hushikwaje. Akamwonya asimwachie Ngiri achague kuni. Pimbi alijibu, "Ndiyo, mzee. Naam, mzee," huku akihesabu miiba ya Nungunungu kwa mbali, na mara nyingine aliukumbuka ule wakati Kiboko alipokuwa akibugia, akisema imeiva na kwenda zake.

Siku moja Kiboko akaonja, akatikisa kichwa.

"Safari hii umekosea, binti yangu. Kigae hakikupata moto wa kutosha. Ukoko upo, kahawa ipo. Moshi haupo."

Akachukua kombe lake, akaenda. Tindi, tindi, tindi. Chubwi.

Pimbi akabaki na hasira. Mnyama aliyekuwa akitema makaa juzi tu. Mnyama ambaye huo moshi aliubuni mwenyewe, amefumba macho, kwa sababu ya kuogopa maneno ya Ngiri. Pimbi akatazama kulia, akatazama kushoto, hakuna mtu. Akachovya kidole, akakilamba, akasikiliza.

Ukoko ulikuwepo. Kahawa ilikuwepo.

Akachovya tena.

"Mjinga yule," akasema Pimbi, akaenda kuongeza kuni.

Ngano yangu imefika kwenye machicha. Anayetaka zaidi akasugue mtungi. Na funzo lake, kwa kuwa watoto wa siku hizi hawalali bila funzo, ni hili: mkubwa akija kwako akasema anaonja tu, mpe mtungi mzima anywe aondoke. Shamba utalilima mwakani. Masikio yakishachoka hayapumziki.