Meli Iliyogeuka Kuokota Watu

Hapo zamani, wala si zamani ya majitu na wanyama wasemao, ni zamani ya juzi tu, kompyuta zilipokuwa bado na migongo mikubwa kama masanduku ya chai, watu watatu wa Tanga waliunda meli. Hawakuranda ubao, hawakuchomelea chuma. Meli yao ilielea ndani ya kompyuta, katika mchezo wa vita vya majini. Nisikilizeni mpaka mwisho, maana mwisho kazi itakuwa yenu.

Wa kwanza alikuwa Mwantumu binti Hozza, mchora ramani za nyumba. Mwantumu alikuwa na mdogo wake, Sufiani, baharia katika meli ya mizigo. Asubuhi moja, mbali na nchi kavu, Sufiani aliteleza akaanguka baharini. Wenzake walimwona. Walipiga kelele, wakamwambia nahodha. Nahodha akasema bahari imechafuka na safari imechelewa, na meli ikaendelea na njia yake. Habari hiyo ililetwa nyumbani na baharia mwenzake, aliyesimama mlangoni akashindwa hata kuingia ndani.

Watu walilia. Mwantumu hakulia mbele yao. Aliuliza swali moja tu, akalirudia matanga mazima: "Kwani meli ile haikuwa na usukani?"

Sasa, mtaani Makorora palikuwa na chumba cha kompyuta cha kijana mmoja aitwaye Mbelwa. Watu walikwenda pale kusoma barua pepe, kuchapisha kazi zao na kucheza. Siku moja mchana Mwantumu alikwenda kuchapisha ramani, akakuta vijana wamejazana mbele ya kioo cha kompyuta. Manowari zilikuwa zikipigana. Ndege ikapigwa, ikashika moto, rubani akaruka na mwavuli wake akatua majini. Kisha akatoweka.

"Huyu aliyeanguka amekwenda wapi?" Mwantumu akauliza.

Mbelwa akacheka. "Amekufa, Bi Mwantumu. Katika mchezo huu, mtu akigusa maji tu, basi."

"Hata kama anajua kuogelea?"

"Hata kama ni samaki."

Mwantumu hakucheka. Alisimama pale mpaka ramani zake zikapoa mkononi. "Na mtu akitaka kuweka meli ya kumwokota?"

Mbelwa akamweleza kwamba jambo hilo linawezekana. Mchezo ule uliruhusu mchezaji kuunda meli yake na ndege yake na kuzipachika ndani. Nyongeza za namna hiyo waliziita modi. Wachezaji wa nchi za nje walikuwa wakiziunda na kugawiana kwenye mtandao.

"Nionyeshe," alisema Mwantumu.

Akaonyeshwa, akaanza. Kila akitoka kazini alikaa mbele ya kompyuta yake nyumbani akichora meli. Alichora omo mbele, akachora tezi nyuma, akachora sitaha. Alichora kutu chini ya tundu la nanga, na alama za kamba zilizosugua rangi ikabanduka. Juu ya sitaha aliweka ndege ndogo yenye mitumbwi miwili badala ya magurudumu, ipate kuruka kutafuta watu na kutua majini. Mizinga aliweka miwili tu, midogo, ya kujihami. Ubavuni akaning'iniza ngazi ya kamba. Meli akaiita Rudi.

Ilikuwa nzuri. Lakini alipoipachika kwenye mchezo ilikaa juu ya bahari kama nyumba kiwanjani. Mawimbi yalipita katikati yake. Haikwenda, haikuyumba, haikugeuka. Na mtu akianguka majini alitoweka vilevile.

Ndipo alipoingia wa pili, Shekue, mwalimu wa fizikia wa sekondari, mchezaji mzuri wa mchezo ule na fundi wa kuandika programu. Shekue alikuwa na ndoto yake ya kuunda manowari kubwa kuliko zote. Mwantumu alipomwonyesha Rudi na kumsimulia habari za Sufiani, mwalimu aliiacha ndoto yake akashika ya mwenzake.

Aliipa meli uzito. Akaipa kulala upande inapokata kona, na kusitasita kabla ya kuitika usukani, kama meli yoyote yenye shehena. Ndege akaipa upepo wa kupigana nao. Kisha akaja kwenye lililo gumu, maana mchezo haukujua kabisa kwamba mtu anaweza kuwa hai majini. Shekue akaufundisha. Sasa aliyeanguka alielea. Aliinua mkono. Mkono ulichoka, ukashuka, ukainuka tena. Ndege ikimwona ilimzunguka, meli ikageuka, ngazi ikashushwa.

Siku mtu wa kwanza alipopanda ngazi ile, Mwantumu alisukuma kiti nyuma akaenda kusimama dirishani. Shekue akajitia kusafisha miwani yake.

Ikabaki kuitoa meli watu waicheze. Hapo ndipo palipokuwa na kazi.

"Bado," alisema Mwantumu.

"Bado nini, dada Mwantumu?"

"Ngazi haijakaa sawa."

"Ngazi imekaa sawa tangu Ramadhani!"

"Mwalimu, mimi ndiye ninayeiona. Bado."

Akawa anafumua na kuchora upya, anafumua na kuchora upya. Mwisho Shekue alichoka. "Basi itunze uitazame peke yako," alisema, akachukua mkoba wake akaenda zake. Kazi yake yote aliiacha pale, lakini mwenyewe hakurudi.

Wa tatu ni yuleyule Mbelwa. Kabla ya ugomvi huo Mwantumu alimpa meli aijaribu kwenye kompyuta zake, aone kama itakwama. "Ukishaijaribu uifute," alimwambia. "Niahidi." Mbelwa akaahidi. Akaijaribu, haikukwama. Wakati wa kuifuta ulipofika mkono ulimwia mzito, akachoma nakala kwenye sidii, akaificha chini ya rafu. Wateja wakipungua aliicheza peke yake. Na kwa kuwa aliona waokolewao wanapanda ngazi kimya kama mabubu, alijirekodi sauti yake mwenyewe akaiweka. Mtu akifika juu ya sitaha, akihema, alisema: "Mmerudi, jamani."

Masika yakaingia. Alasiri moja radi ilipiga nguzo ya umeme karibu na nyumba ya akina Mwantumu, ikapita kwenye waya, ikaingia kwenye kompyuta. Moshi ulitoka kwa nyuma. Fundi aliifungua, akatikisa kichwa, akaifunga. Umbo la meli limeungua. Programu za Shekue zimeungua. Shekue alisikia, akaja na miguu yake kutoa pole. Mbelwa naye akaja.

Mwantumu aliwatazama wote wawili. "Imezama," alisema. "Msinipe pole. Mwenye kuitaka akaiokote mwenyewe huko iliko. Mimi sitaki kuiona tena."

Mbelwa aliona akisema ana nakala, atakuwa amekiri kwamba alivunja ahadi. Akarudi chumbani kwake, akaitoa sidii chini ya rafu. Hakumwuliza mtu. Aliipakia meli kwenye mtandao wa wachezaji, akaandika majina matatu ya waundaji: Mwantumu, Shekue, Mbelwa. La Mwantumu aliliweka juu, pamoja na anwani yake ya barua pepe.

Meli ikasafiri. Watu wa nchi ambazo hao watatu walizijua kwenye ramani tu waliichukua, wakacheza. Wengine waliacha vita vizima wakawa wanazunguka baharini kutafuta walioanguka, wa kwao na wa adui. Hatimaye wenyewe wenye kampuni ya mchezo waliiona, nao wakaandika kwa Mwantumu. Walisema meli hii ina sura ya chombo kilichoishi baharini. Walisema mwendo wake hawajauona kwenye kazi zao wenyewe. Walisema kuna sauti ndani yake inayotamka neno wasilolielewa, na kila anayelisikia hunyamaza. Wakasema: mwundaji aje kwetu, afanye kazi nasi. Tuna nafasi moja.

Mwantumu alisoma hayo chumbani kwa Mbelwa, maana kompyuta hakuwa nayo tena. Akageuka polepole. Mbelwa akaiweka meli kwenye kioo. Ndege ikazunguka, Rudi ikalala upande ikageuka, mtu akapanda ngazi. "Mmerudi, jamani."

Mwantumu alijiziba mdomo kwa mkono.

"Uliahidi kuifuta," akasema.

"Niliahidi."

"Ukanidanganya."

"Nilikudanganya, Bi Mwantumu."

Shekue akaitwa. Waliandika kuomba waende wote watatu. Jibu likaja la heshima na fupi: nafasi ni moja, chagueni wenyewe, tutumieni jina. Na kila mmoja aliitaka. Mwantumu alikuwa amechoka kuchora vyumba vya watu wengine. Shekue alikuwa amefundisha fizikia miaka yote kwa chaki tu, bila maabara. Mbelwa alikuwa akiona kompyuta zake zinazeeka na wateja wanahama.

Mwantumu akasema, "Anayestahili ni mimi. Mimi ndiye niliyeuliza huyu aliyeanguka amekwenda wapi. Vijana wote walikuwepo, hakuna aliyeuliza. Wazo ni langu, umbo ni langu, na aliyezama ni wangu."

Shekue akasema, "Anayestahili ni mimi. Umbo lako, dada Mwantumu, lilikuwa picha ya ukutani. Nani aliyeifanya meli igeuke? Nani aliyemfanya mtu awe hai majini? Niliiacha meli yangu nikaunda yako."

"Ukanuna ukaondoka," alisema Mwantumu.

"Niliondoka mimi. Kazi yangu haikuondoka. Na ningebaki, si mpaka leo tungekuwa tunapima ngazi?"

Mbelwa akasema, "Anayestahili ni mimi. Umbo na mwendo vyote viliungua. Kama si mimi, tungekuwa tunagombania moshi. Sauti wanayoisifu ni yangu. Na wewe mwenyewe, Bi Mwantumu, ulisema mwenye kuitaka akaiokote. Nimeiokota."

"Nilisema kwa uchungu! Tena siku hiyo wewe ulikuwa nayo tayari. Hukuiokota, Mbelwa. Uliificha."

"Niliificha, na kwa kuificha ikapona. Ningekuwa mkweli leo isingekuwepo. Ungependa ningekuwa mkweli?"

Mwantumu akakigeuza kiti, akampa mgongo.

Walibishana mpaka adhana ya alasiri, na hakuna aliyemshinda mwenzake. Mwisho Shekue akasimama. "Barua imekuja kwa jina lako, dada Mwantumu, jibu litoke kwako. Andika jina moja. Utakaloandika, mimi nalikubali."

"Na mimi," alisema Mbelwa.

Wakatoka, wakakaa barazani, migongo yao dirishani, wasionekane kumshurutisha.

Mwantumu akabaki peke yake mbele ya kioo. Aliandika salamu, akaandika shukrani. Alifika mahali pa jina, vidole vikasimama. Akiandika lake, aliona, atakwenda kwa mwendo aliopewa na mwenzake, katika meli iliyookolewa na mwingine. Akiandika la Shekue, atakuwa ameulipa mguu na kumsahau aliyeuonyesha njia. Akiandika la Mbelwa, atakuwa amemtunza mtu kwa kuvunja ahadi, hali kuvunjwa kwa ahadi ile ndiko kulikomfanya yule mtu wa kwenye ngazi apande tena na kusema neno lake.

Basi mimi nimefika hapa, na kiti kile nawaachia ninyi. Vidole ni vyenu sasa. Yupo aliyewaza na kuchora, lakini asingeitoa kamwe, na siku ya radi akaikana. Yupo aliyeipa uhai, lakini akaondoka njiani. Yupo aliyeiokoa na kuifikisha kwa walimwengu, lakini kwa uongo. Jina ni moja tu. Je, nani alistahili?