Mishale Yote ya Sultani

Hapo zamani, katika mji wa Kiwazi, palikuwa na mchonga mishale fukara, jina lake Mwanakheri. Watu walimwita hamnazo, kwa kuwa kila aliloagizwa alilitenda vilevile, bila kupunguza wala kuzidisha.

Na desturi ya mji ilikuwa hivi: kila mpiga uta huchonga alama yake mshaleni. Mshale ukimwangusha adui, sifa ni ya mwenye alama. Ukiangukia pasipostahili, mwenye alama huenda mwenyewe kuuchomoa na kuomba radhi.

Ikawa mji umezingirwa, na jemadari wa adui akaangushwa na mshale wa Mwanakheri, wenye mikato mitatu aliyorithi kwa mamake; adui wakatimua mbio. Sultani Shakombo, aliyevipitisha vita vyote uvunguni mwa kitanda, akashikwa na wivu.

“Ewe mwanamke! Ifikapo Ijumaa, kila mshale wa mji huu uwe na alama yangu, na huo wako kwanza. Ukisalia mmoja, utahama mji, na mikato ya mamako isionekane tena.”

“Kila mshale, Maulana?”

“Kila mshale! U kiziwi?”

“La, Maulana. Naogopa kukosea.”

Basi akaifuta mikato ya mamake huku machozi yakimlengalenga, akachonga alama ya Sultani. Kisha akapita nyumba kwa nyumba, akaitia alama hiyo mishale ya askari, ya wanagenzi wasiojua kulenga, hata ile ya watoto.

Jumamosi asubuhi, bikizee mmoja akabisha hodi barazani. “Maulana, njoo uchomoe mshale wako. Umo takoni mwa beberu wangu.”

“Na mwingine umenipasulia chungu cha mchuzi!” akadakia jirani.

Mara akaingia kadhi, kilemba kimetobolewa. “Sultani, nimekukosea nini?”

“Sikuupiga mimi!” Sultani akafoka.

Mwanakheri, aliyekuwamo barazani, akainamisha kichwa kwa adabu. “Na jemadari, Maulana, ulimpiga wewe?”

Baraza zima likaangua kicheko. Desturi ni desturi; Sultani akaenda kuchomoa, na beberu akamtupia teke, akagaagaa vumbini. Hapo Sultani mwenyewe akacheka hata kilemba kikamdondoka.

“Mwanakheri, warudishie watu alama zao. Anza na ya mamako.”

“Zote, Maulana?”

“Zote!”

Basi mikato mitatu ikarudi mshaleni, na mshale ule ukatundikwa mlangoni pa baraza, kila aingiaye auone. Sultani akabakiwa na mmoja tu, ule wa beberu, na huo hakutokea mtu wa kuugombania.