Nani Amwashie Pratul Moto

Nyamazeni kidogo, mkae vizuri, na mwenye kikohozi akohoe sasa. Hadithi hii ina mama mmoja, wanaume watatu na maiti mmoja. Mwisho wake sinao. Nimeileta kwenu mnisaidie.

Ilikuwa katika mji wa Kumarghat, nchi ya Bengali, huko Bara Hindi, miaka ile Waingereza walipoigawa Bengali vipande viwili kama watu wanaokata papai. Palikuwa na mfumaji, jina lake Kasem, Mwislamu, ambaye vidole vyake vilifuma kitambaa chepesi hata ukikishika hujui umeshika nini. Palikuwa na karani wa mahakama, Abinash, Mhindu wa tabaka la juu, ambaye kalamu yake ilijua Kiingereza kuliko Waingereza wenyewe. Tena palikuwa na Dukhiram, mchoma maiti, mtu wa tabaka la chini kabisa, asiyepewa maji kwa kikombe cha mtu. Yeye aliujua moto; akitaka uwake mvuani, unawaka.

Na palikuwa na Khiroda, mjane. Yeye hakuwa na kipaji chochote. Alikuwa na Pratul, basi.

Pratul alikuwa mwalimu wa shule, mtoto wa pekee. Siku moja, kwa hasira ya nchi kugawanywa, alikula yamini mbele ya soko zima kwamba kitambaa cha Uingereza hakitaugusa mwili wake tena, awe hai au awe maiti. Akawaita watu walete nguo za kigeni zichomwe. Khiroda alitoa shali yake, aliyokuwa nayo moja tu, akaitupa motoni huku machozi yakimlengalenga, maana ilikuwa ya joto na baridi ilikuwa karibu. Mwanawe akamcheka, kisha akamkumbatia. Wiki ile ile askari wakamchukua, na hakimu akampa miezi sita. Mwezi wa tatu homa ikamuua gerezani, na mama yake akaipata habari kwa muuza mboga.

Sasa sikilizeni vizuri. Amri ya gereza lile ilikuwa kwamba mfungwa wa siasa akifa huchomwa humo humo ndani, amefungwa shuka ya gereza, na shuka za gereza zilitoka Uingereza. Khiroda aliposikia hivyo akakaa chini langoni, akasema haondoki. Hakupiga kelele. Alimuuliza kila aliyetoka mwanawe amefunikwa nini, na kila aliyetoka aliangalia pembeni.

Abinash alimkuta pale akitoka kazini. Alikuwa ametumikia serikali miaka kumi na tisa, bado mmoja tu apumzike. Akarudi ofisini, akamwandikia mkuu wa wilaya barua ya kumwomba maiti atolewe, akadhamini kwa jina lake mwenyewe kwamba hakutakuwa na maandamano wala hotuba. Alipotia sahihi alijua kwamba anaumwaga unga wake. Mkuu alikubali, lakini kwa sharti: maiti achomwe kesho yake kabla jua halijazama, la sivyo anarudishwa gerezani. Abinash naye akaambiwa akabidhi funguo za ofisi. Ila sitaki kuwaficha kitu. Ile hukumu ya miezi sita iliandikwa kwa mkono huo huo wa Abinash, kwa mwandiko mzuri, bila kosa hata moja.

Ruhusa ikapatikana, sanda haikupatikana. Madukani vilibaki vitambaa vya kigeni tu, kwa kuwa vya nyumbani vilikuwa vimenunuliwa vyote na watu waliokula kiapo kama cha Pratul. Kasem alikuwa na sari kwenye kitanda chake cha kufumia, nyeupe yenye pindo jekundu, ya harusi ya dada yake. Nyuzi zake zilisokotwa na mama yao kabla hajafariki. Alfajiri Kasem alianza kuzichomoa nyuzi nyekundu moja moja, kisha akaendelea kufuma nyeupe tupu hadi saa nane mchana, bila kula. Vidole vilipochanika alivifunga matambara ili damu isiichafue sanda. Dada yake alisimama nyuma yake akimpa nyuzi. Harusi ilikuwa imebakiza siku tisa.

Kuni nazo zikawa shida. Mvua ilikuwa inanyesha isivyo msimu wake, na polisi walikuwa wamewapitia wauza kuni wote kuwaambia kwamba atakayeuza siku ile atajuta. Dukhiram akaenda akaibomoa nyumba yake. Alishusha paa, akang'oa nguzo, akachukua mlango, na kitanda akakipasua kwa shoka. Mkewe na watoto walikaa mvuani chini ya mkeka. Wachukuzi wa jeneza walipoogopa kuonekana na polisi, ni yeye aliyekwenda gerezani na kumbeba Pratul mgongoni hadi mtoni, mahali pa kuchomea.

Na hapa kuna jambo ambalo Khiroda hakuwahi kumwambia mtu. Siku Bengali ilipogawanywa, watu hawakuwasha jiko, wakafungana nyuzi mikononi kuonyesha kwamba wao ni ndugu na hawagawanyiki. Pratul alimfunga Kasem uzi, akamfunga Abinash, akamfunga hata polisi mmoja aliyekuwa akicheka. Dukhiram alikuwa amesimama karibu na kisima, mkono ameunyoosha mbele kidogo. Pratul akapita. Hakumdharau, hakumwona, na hilo ndilo baya zaidi. Khiroda alimwona. Alinyamaza, kwa sababu hata yeye hakuwa amezoea kumgusa.

Basi ikafika saa kumi na moja jioni. Pratul alilazwa juu ya nguzo na mlango wa Dukhiram, amevikwa sanda ya Kasem, akiwa nje ya gereza kwa barua ya Abinash. Afisa wa polisi alisimama na saa mkononi. Kwa kawaida wanawake hawaendi mahali pale, lakini Khiroda alikwenda, na hakuna aliyethubutu kumzuia. Binamu wa Pratul, ambaye ndiye alipaswa kuwasha moto, alileta salamu kwamba tumbo linamsokota. Lilimsokota alipowaona polisi.

Kuhani wa hekalu akaeleza shingo upande kwamba, kwa kuwa ndugu hakuja, mmoja wa wale watatu anaweza kuwasha. Anayeuweka moto mdomoni mwa marehemu anakuwa mtu wa nyumba ile. Atakaa matanga, atamwita Khiroda mama, na siku ya Khiroda ikifika ndiye atakayemchoma. Wengine wawili watarudi makwao wakiwa majirani tu. "Mkono mmoja," alisema kuhani. "Mama atamke, nami nitasoma, hata kama kesho watanifukuza hekaluni."

Na wewe hapo nyuma, nakuona, usiniambie mama awashe mwenyewe. Kwa desturi yao ya wakati ule mama hamwashii mwanawe moto, na Khiroda alisema hata wangemruhusu asingeweza, kwa sababu mdomo ule aliunyonyesha.

Abinash alikuwa wa kwanza kusogea. "Mama," alisema, "mkono huu ulimwandikia kifungo. Niachie umfungue."

Kasem alisema, "Mimi sijui dua zenu, na najua watu watasema. Lakini siku ya nyuzi aliniita kaka mbele ya watu wote, na nguo iliyo mwilini mwake nimeifuma mimi. Sijui nifanye nini kingine ili niwe ndugu yake."

Dukhiram alikuwa ameshapiga hatua nyuma, kama alivyozoea watu wakubwa wanapozungumza. Ikabidi Khiroda amuulize. "Na wewe, baba?"

Akatazama chini. "Mimi nawasha moto wa kila mtu, mama. Wa ndugu sijawahi."

Khiroda alikamata mganda wa majani makavu, kuhani akauwasha. Alimtazama mwanawe usoni na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akamkasirikia. Alimkasirikia kwa kumwachia swali hili, kwa kuwaita watu ndugu akafa kabla hajawafikia wote, kwa kulala pale amenyamaza wakati maisha yake yote hakujua kunyamaza. Alitaka kumwamsha amuulize. Roho ilimuuma hata akasahau kulia. Akimpa mmoja, wawili walioteketeza vyao vyote wataondoka mikono mitupu, na yeye ndiye atakuwa amewafukuza. Asipompa yeyote, Pratul anarudi gerezani kuvishwa ile shuka.

Moto ulikuwa umeshuka hadi karibu na vidole vyake. Jua lilikuwa limegusa paa la mahakama ng'ambo ya mto, na afisa akasema, "Mama, muda." Khiroda akageuka akawatazama wote watatu, akaunyoosha mkono wenye moto, akafungua kinywa kutaja jina.

Mimi hapo naishiwa na maneno, kila mara ninapoisimulia. Nimewahi kumpa Abinash, nikamwonea Kasem. Nimewahi kumpa Kasem, Dukhiram akanikosesha usingizi. Sasa mama bado amesimama, moto unamuunguza, na jua halimsubiri mtu. Haya, niambieni: ungekuwa wewe ndiye mama yake Pratul, ungemkabidhi nani?