Babu wa Bwawani

Hapo zamani za kale, enzi zile wanyama walijenga nyumba zenye milango na mgeni hakuingia mpaka aitikiwe hodi, kulikuwa na mama mmoja mdogo wa mwili, jina lake Nguchiro. Na wewe unayetafuna muwa, acha kwanza, hadithi haisikiki.

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kikali. Visima vyote vilikauka, likabaki bwawa moja tu. Basi asubuhi moja Nyati akaja, akasimama ukingoni, akakita kwato. Gu! Gu! Vumbi likatimka.

"Mfffuuu! Nani mkubwa hapa?"

"We... wewe, Bwana Nyati," wakajibu wanyama.

"Sitaki Bwana! Kuanzia leo mimi ni Babu. Hanywi mtu maji mpaka apige goti aseme, 'Shikamoo, Babu.' Asiyetaka, pembe hizi hapa!"

Weee! Pundamilia, yule yule anayejisifu kwa mateke, akapiga goti. Ngiri na meno yake yote ya kutishia watu akafyata mkia. Nguchiro naye akapiga goti, akasema shikamoo kwa sauti ya mbu. Maji aliyanywa, lakini hayakumshuka vizuri, maana alijionea aibu.

Aliyekataa ni mmoja tu, Bibi Kobe. "Nimwamkie nani? Huyu? Nilikuwepo siku anazaliwa!" Akageuka, akaenda zake bila kunywa hata tone.

Ikapita siku ya pili, ikafika ya tatu. Nguchiro akajaribu kumpelekea maji kwenye kifuu. Nyati akakiona, akakikanyaga, paa! Kifuu vipande vipande.

"Asiye na shikamoo hana maji! Kamwambie!"

Nguchiro akapiga hodi kwa Bibi Kobe mikono mitupu. Akamkuta amelala mlangoni, koo limemkauka, sauti inatoka kwa shida.

"Umekuja, mke mwenzangu?" akauliza Bibi Kobe, maana ndivyo bibi anavyomtania mjukuu wake wa kike.

Nguchiro alitaka kulia. Aliona wazi kwamba bibi huyu hafiki kesho. Lakini akajikaza, akamtania na yeye.

"Nimekuja kupima gamba lako, Bibi. Ukifa nataka nilifanye sufuria."

"Mshenzi wee!" Bibi Kobe akacheka mpaka akakohoa. "Angeniambia mtu mwingine maneno hayo, ningemng'ata pua. Sasa wewe mjukuu, nikufanye nini?"

Nguchiro masikio yakamsimama. "Bibi, hebu rudia hapo."

"Mjukuu nimfanye nini?"

"Inuka! Jikokote taratibu mpaka bwawani. Leo maji utakunywa."

"Sipigi goti mimi!"

"Kwani nani kakwambia upige?"

Akatoka mbio, pru! Njiani akawakuta wenzake pamoja na watoto wake wanaelekea kunywa maji, wameinamisha vichwa.

"Jamani, leo nikianza kumtania, na nyinyi mtanieni."

"Atatuua!" akasema Ngiri.

"Basi nitazameni mimi kwanza. Nikipona, mfuate."

Wakafika bwawani. Nyati alikuwa palepale, amejaa ukingo mzima. Nguchiro akaenda moja kwa moja mpaka mbele ya pua yake.

"Shikamoo, Babu!"

"Marahaba, mjukuu."

"Mimi ni mjukuu wako kweli, Babu?"

"Kweli kabisa! Nyote hapa wajukuu zangu!" Nyati akatanua kifua.

"Jamani, mmemsikia?"

"Tumemsikia!"

Nguchiro akashika kiuno. "Haya, umeamkaje, mume wangu? Mbona leo hujachana nywele?"

Mnazijua pembe za nyati, zilivyolala pande mbili kama nywele zilizopasuliwa njia katikati. Wanyama wote wakazitazama, na mara hii wakaziona hivyo.

"UNASEMAJE?"

"Nakutania, Babu. Mjukuu humtania babu yake. Au wewe babu yako hukumtania?"

Nyati alikumbuka vizuri siku alizokuwa akimvuta babu yake mkia.

"Kwi!" Pundamilia akaponyokwa na kicheko. "Kwi kwi kwi!"

Ngiri akajikohoza. "Babu, huo uji amekulisha nani? Mdomo mzima umejaa!"

"Ni matope haya!"

"Babu, ukifa, mkia wako niachie mimi nifukuzie inzi!" akadakia mwingine.

"Babu, tubebe mgongoni!" Watoto wa Nguchiro wakampandia, mmoja akaketi katikati ya pembe. Bwawa zima likacheka, ha ha ha! Wanyama walikuwa hawajacheka kwa siku tatu, jamani, walicheka mpaka wakashikana.

Nyati akatikisa kichwa, watoto wakaruka chini. Akainua kwato juu kabisa ya kichwa cha Nguchiro. Moyo wa Nguchiro ulikwenda du, du, du. Hakusogea.

"Kanyaga, Babu. Ila ukinikanyaga kwa utani, wewe si babu yangu. Na kama si babu yangu, zile shikamoo zetu zote nirudishie."

"Mimi si babu wa mtu yeyote hapa!" akanguruma Nyati.

"Mmemsikia tena?"

"Tumemsikia!"

"Kasema mwenyewe. Basi anayejua umri wake yule anakuja."

Wakageuka. Alikuwa Bibi Kobe, hatua moja, pumzi mbili, mavumbi mpaka machoni. Akamkazia Nyati macho.

"Wewe si yule uliyezaliwa siku ya mvua kubwa? Radi ikipiga, unakimbilia chini ya tumbo la mama yako, 'Mama, mama!' Nani alikuimbia ukanyamaza? Si mimi?"

Kwato ikashuka polepole. Nyati akatazama kulia, hakuna aliyeinama. Akatazama kushoto, hakuna aliyepiga goti. Wote walikuwa wamesimama, macho yao kwenye macho yake.

"Shi... shikamoo, Bibi."

"Sijasikia."

"SHIKAMOO, BIBI!"

"Marahaba, mume wangu. Sasa nipishe ninywe maji."

Nyati akampisha. Bibi Kobe akatia mdomo bwawani, gluku, gluku, gluku, akanywa maji ya siku tatu. Kisha akainua kichwa, akamwambia Nguchiro, "Lile gamba, ngoja kidogo. Bado nalivaa."

Hadithi yangu imefika bwawani na hapo nimeiacha, na funzo lake ni hili: mwenye kutisha watu hula woga wao, basi msimpikie.