Jumapili Pembe Ilipolia Mghunga

Niwape, nisiwape?

Tupe!

Nitawapa, lakini mikono isilale. Anayesikiliza apukuchue mahindi, na anayesinzia apukuchue mara mbili.

Kale hiyo, kale ya babu wa babu zenu, milima ilipokuwa bado inatafuta pa kukaa, palikuwa na kijiji kiitwacho Mghunga, na juu ya kijiji palikuwa na ndiva. Ndiva ni bwawa lililozungushiwa ukuta wa mawe na udongo. Usiku maji ya kijito yanajaa, asubuhi yanafunguliwa yakanyweshe mashamba. Mlinzi wake alikuwa Mzee Sengondo, mwenye pembe ya tandala. Akipuliza kwa kuvuta, kuna msiba. Akipuliza kwa kukatakata, njooni msaragambo, kazi ya wote. Akipuliza bila kupumua, ukuta unapasuka, kimbieni.

Kisha akaja Mchungaji Sefue, mwana wa kijiji hicho hicho, amerudi na kanzu nyeusi. Alifanya kazi, tusimnyime haki yake. Kanisa lilijaa mpaka watu wakachungulia madirishani. Wachungaji wa vilima vingine walimjia. "Mwenzetu, umewezaje? Sisi tunahubiria kuta."

Naye akajibu, "Kanisa langu li hai kwa sababu lina sikio moja."

Alikuwa amekataza pembe. Ni kweli pembe ile iliita watu kazini, lakini iliita pia kwenye matambiko, na Sefue hakutaka kuchambua. Akatundika chuma nje ya kanisa, kiwe kengele, akatangaza mimbarini: "Atakayeitikia pembe, meza ya Bwana asiikaribie!" Watu wakasema amina. Watu husema amina upesi, wajukuu zangu, jambo lisipowagusa bado.

Ikaja Jumapili ya masika. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo na ardhi imeshiba. Kwaya inaimba, Sefue yuko mbele, moyo wake mweupe. Mara, juu mlimani: Vuuuuuuuuu!

Bila kupumua.

Sefue aliijua sauti ile tangu mgongoni kwa mama yake. Na kila aliyeketi mle aliijua. Walibaki wameketi.

Bibi Namsifu akainuka nusu. Nyumba yake ilikuwa chini kabisa ya ukuta wa ndiva, na ndani yake alikuwamo mkaza mwanawe, Nakijwa, aliyejifungua juzijuzi. Mume wa Nakijwa yuko mbali, kwenye mashamba ya mkonge. Na kwetu mzazi hatoki nje mpaka atolewe na wakubwa. Atakaa, maji yaje au yasije.

Mzee wa kanisa, Yeremia, akamshika nguo. "Keti, mama. Hiyo ni pembe."

"Nasikia kuwa ni pembe. Sijawa kiziwi."

"Basi keti."

Akaketi. Akamtazama Mchungaji. Wote wakamtazama Mchungaji.

Na Sefue akawaza: Nikitoka leo kwa pembe ya maji, kesho watatoka kwa pembe ya matambiko, nami nitawaambia nini? Jasho likamtoka. Akainua mkono, akasema, "Imbeni."

Wakaimba. Pembe ikalia, nao wakaimba. Pembe ikazidi, nao wakazidi, mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Hakuna siku kanisa lile liliimba vile. Mgeni angepita nje angesema, kweli, hapa Roho ameshuka. Lakini Bibi Namsifu hakufungua kinywa.

Ghafla pembe ikanyamaza.

Wimbo nao ukafa, sauti moja moja. Ikabaki mvua tu.

"Mbona mmeketi?" Sefue akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

Bibi Namsifu akasimama. "Wewe ndiye uliyetuketisha, mwanangu."

Hapo Mchungaji akakunja kanzu kiunoni, akatoka mbio. Nyuma yake kanisa zima likamwagika.

Walimkuta Sengondo ameitupa pembe, ameziba ufa kwa mgongo wake, maji ya matope yanampita kwapani. "Udongo!" akafoka. "Salamu baadaye! Migomba, mawe, chochote!"

Wakakata migomba. Wanawake wakabeba matope kwa khanga zao za Jumapili. Mawe yakawa hayatoshi, Sefue akapaza sauti, "Leteni mabenchi!" Yeremia akasita. "Mabenchi ya kanisa?" "Yapi mengine tunayo?" Wakayasimamisha ukutani, wakayakandamiza kwa mabega.

Ukuta ulisimama, isipokuwa pembeni. Na pembeni ndipo palipokuwa juu ya nyumba ya Bibi Namsifu.

Sefue na bibi yule wakashuka wakiteleza. Jiko limekwenda. Mlango umekwenda. Chumbani, Nakijwa amesimama juu ya kitanda, maji magotini, kichanga amekiinua juu ya kichwa. Bibi Namsifu akampokea mtoto. Mtoto akalia, wakajua yu hai.

"Pole, mama," Sefue akasema. "Tumekuja."

Nakijwa akamtazama, meno yanagongana kwa baridi. "Nimewasikia, Mchungaji. Mmeimba vizuri sana. Nimesikia beti zote."

Sefue akainama, akambeba mgongoni, akamtoa nje.

Basi, wajukuu zangu, siku hizi makanisa yana vipaza sauti, na watu huulizana ni lipi lenye uhai. Msisikilize linavyoimba. Tazameni nani yuko chini ya ukuta, na nani ameinuka kwenda kwake. Imani isiyoinuka kitini ni kelele tu.

Kisa changu kimefika mlangoni. Aliyekipenda akibebe, asiyekipenda akiache hapo hapo, mimi nitakifagia kesho. Leteni hayo mahindi.